Kitambo Kinachopita: Renoir, Judd na Majengo ya Norsborg

Swali la kama kitambo kinachopita kinaweza kuhifadhiwa lilikuwa la kidini kabla halijawa la sanaa, na mkazi wa Norsborg, kituo cha mwisho cha njia nyekundu ya treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, anaweza kulikuta limejibiwa kwa namna mbili zinazopingana katika makumbusho mawili ya jiji hilo yanayotenganishwa na daraja moja tu.

Nationalmuseum ina mchoro ambao Pierre-Auguste Renoir aliuchora mwaka 1869 huko La Grenouillère, mahali pa kuogelea katika mto Seine karibu na Paris. Renoir ni wa mkondo wa Impreshonisti, yaani wachoraji walioacha kuchora kitu kama akili inavyokijua, wakachora jinsi mwanga unavyokiangukia kwa kitambo kimoja. Ndiyo maana mtazamaji akisogea karibu, maji hutoweka na kubaki alama fupi za brashi, zilizopakwa kwa haraka. Ng'ambo ya daraja, Moderna Museet ina kazi ya Donald Judd ya mwaka 1965: masanduku saba ya bati yaliyofungwa ukutani moja juu ya jingine, nafasi kati yake ikiwa sawa na kimo cha sanduku lenyewe. Judd huhesabiwa miongoni mwa waminimalisti, wachongaji walioondoa katika kazi zao kila kinachosimulia au kufananisha, ingawa mwenyewe alilikataa jina hilo.

Wengi husema kwamba Renoir ni mchoraji wa mapito na Judd ni fundi wa kudumu. Ukweli unaelekea kuwa kinyume, kwa sababu mmeto wa maji wa mwaka 1869 hausogei tena, na Mtakatifu Augustino alikwisha kuonyesha kuwa sasa isiyopita si wakati bali ni umilele. Bati, kwa upande wake, halikuhifadhi chochote, na kila wingu linalopita dirishani hulibadilisha. Ndivyo ilivyo pia kwa majengo ya zege ya Norsborg, matunda ya mpango wa kujenga nyumba milioni moja ulioanza mwaka huohuo wa 1965, ambayo hulaumiwa kwa kufanana hata pale jua la chini la Desemba linapoitofautisha kila roshani na mwenzake.

Mhakiki Michael Fried, aliyezishutumu kazi za aina ya Judd mwaka 1967 kwa kutegemea mtazamaji na muda usiokwisha, alifungua makala yake kwa maneno yanayomhusu Jonathan Edwards, mwanateolojia aliyefundisha kwamba Mungu huuumba ulimwengu upya kila nukta. Wanazuoni wa Ashaira, ambao itikadi yao inajulikana vyema katika darsa za Lamu na Zanzibar, walikuwa wamefundisha jambo la karibu na hilo karne nyingi kabla: sifa za kitu, kama rangi yake, hazidumu kwa nyakati mbili, bali huumbwa tena na tena. Fried aliyaweka maneno hayo upande wa sanaa iliyokamilika yote kwa mara moja. Yangemfaa zaidi Judd, ambaye kijivu cha bati lake hupokewa upya kila dakika.

Hata hivyo Renoir ana hoja ambayo Judd hana. Kwenye kisiwa kidogo cha La Grenouillère, penye mti mmoja, wamesimama watu waliovaa nguo zao za mapumziko, na itikadi inayoeleza jinsi rangi inavyoumbwa upya bado inadaiwa jibu juu ya watu hao, ambao wote wamekwisha kufa.