Mikono Mara ya Pili



Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia mstari wa 22, tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Hapo Bwana wetu alimwekea mgonjwa mikono mara mbili. Baada ya mara ya kwanza mtu yule aliona, lakini watu machoni pake walifanana na miti, ila walikuwa wakitembea. Wako wanaoona haya kuihubiri habari hii, kana kwamba nguvu za Bwana zilipungua. Mimi naona sivyo.

Wataalamu wa elimu ya nafsi hutufundisha kwamba jicho peke yake halitoshi kuona. Kazi yake ni kupokea nuru. Nuru hupita katika mboni na kuangukia nyuma ya jicho, na huko sura ya kitu huwa imepinduka, kichwa chini miguu juu. Mshipa wa fahamu hupeleka habari hizo kwenye ubongo, na huko ndiko zinakopewa maana. Kutambua maana hiyo twajifunza tangu uchanga, nasi tumekwisha kusahau kwamba tulijifunza.

Mwaka 1728 tabibu mmoja wa London, William Cheselden, aliandika habari za kijana wa miaka 13 hivi, kipofu tangu utoto wake, ambaye alimpasua mtoto wa jicho. Nuru iliingia. Lakini kijana alidhani vitu vyote vinayagusa macho yake, kama vitu vigusavyo ngozi. Paka na mbwa alikuwa akiwasahau, yupi ni yupi, naye akaona haya kuuliza tena. Basi siku moja akamkamata paka, ambaye alimjua kwa kumpapasa, akamkazia macho ili amtambue siku nyingine.

Aliona haya kuuliza! Yule wa Bethsaida, Bwana alipomwuliza kama anaona kitu, hakujibu kwamba yu mzima kabisa ili asidhaniwe hana imani. Alisema kile alichokiona. Jicho lilimpa miti; lakini miti haitembei, basi hao ni watu.

Katika mafundisho ya Kipaimara mwalimu huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima hujibu, "Ndiyo, mwalimu." Mtu mzima aliyebatizwa Pasaka hukaa nyuma, kimya, asijue kwa nini twasema Mungu ni Utatu, tena anaogopa kuchekwa, maana wako wazee wanaonong'ona akikosea ukurasa wa kitabu cha sala. Ndugu zangu walimu, mwulizeni mmoja mmoja, kisha mngoje jibu lake.

Petro naye, mistari michache mbele, alimkiri Bwana kuwa ndiye Kristo. Na papo hapo, aliposikia habari za mateso, akaanza kumkemea. Alikuwa ameona, lakini kama miti. Bwana alimkaripia kwa ukali sana. Na baada ya siku sita akamchukua pamoja naye mlimani.