Mwindaji, Fungua Kinywa

Wewe unayeutazama unyayo wa swala ukajua amepita alfajiri au adhuhuri, unayepima upepo kwa vumbi la kiganjani kabla hujapiga hatua, maneno haya ni yako. Porini si mgeni. Basi mbona kwenye mkutano wa kijiji, habari ya wanyamapori ikianza kuzungumzwa, unajikunyata nyuma kama haikuhusu?

Pale Nyeri, Kenya, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, amelala mzee aliyezaliwa India mwaka 1875: Jim Corbett. Mwaka 1907 alimuua chui milia jike wa Champawat, ambaye inahesabiwa alikuwa amekwisha kula watu 436. Vijijini watu walikuwa wanaogopa hata kutoka mlangoni. Corbett angeweza kula sifa za bunduki yake mpaka kufa, na nani angemlaumu? Lakini alishika kamera ya sinema, akaanza kuwavizia chui milia kwa subira ile ile, safari hii awapige picha. Akaenda mashuleni kuwaambia watoto kwamba mnyama yule wanayemwogopa anakaribia kwisha. Akawa miongoni mwa waliopigania hifadhi ya taifa ya kwanza ya India, iliyoanzishwa mwaka 1936 na ambayo leo ina jina lake. Alihamia Kenya mwaka 1947, akafia Nyeri mwaka 1955. Alikuwa na uzito wa kusikilizwa kwa sababu alikesha juu ya miti akimngoja mnyama gizani. Hakusimuliwa na mtu.

Usiniambie hayo ni ya mzungu mwenye kamera. Kaskazini-magharibi mwa Namibia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukame na ujangili vilikuwa vimewafyeka tembo na faru weusi. Mhifadhi Garth Owen-Smith akaketi na wazee wa jadi, na wazee wakateua walinzi kutoka vijiji vyao wenyewe. Baadhi yao walikuwa wawindaji wa siri. Ujira wao wa kwanza ulikuwa posho ya chakula, basi. Macho yaliyokuwa yakifuata faru ili auawe yakawa yanamfuata ili awe hai kesho. Mwaka 1996 sheria ikazipa jamii haki ya kufaidika na wanyama wao. Leo kuna jumuiya zaidi ya 80, na nyingi zinapata fedha za utalii na za uwindaji wa leseni.

Wapo wanaotaka uwindaji wote ufutwe. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na marufuku hiyo peke yake haikuzuia wanyama wengi kupungua. Hoja unayo, tena nzito. Ila nani atakuamini ukiitetea leseni yako huku unamfichia siri jirani anayetega nyaya?

Unazijua nyaya zile. Waya wa breki wa baiskeli, au uliotolewa kwenye tairi lililochomwa, unafungwa kwenye shina la mti usawa wa shingo ya swala. Hauchagui dume wala jike mwenye mimba. Aliyeutega akisahau alipouweka, wenyewe unaendelea kunasa, na nyama inaozea pale pale, haimfikii mtoto wa mtu yeyote. Mwindaji mwenye heshima yake anakaaje kimya mbele ya jambo kama hilo?

Msasi haogopi mwiba. Basi usiogope na maneno ya watu. Tanzania tuna Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori ambamo vijiji vina kauli, na kauli hiyo inamhitaji mtu anayelijua pori kwa miguu yake. Simama useme wanyama gani wamepungua, bonde gani limekauka, na fedha za kitalu zimefika wapi.

Na ukikutana na kitanzi wiki hii, kitegue. Ukunje waya ule, uupeleke mezani kwa mwenyekiti wa kijiji, umwambie umeukuta wapi.