Kalamu na Nyundo katika Mizani ya Sharia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, kila yatokapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, nyumba nyingi za hapa Miritini, na za jirani zetu wa Jomvu na Changamwe, huingia katika mashauri mazito. Je, kijana aende chuo kikuu, na karo ipatikane wapi? Au ashike ufundi, wa umeme au wa mabomba au wa kuchomea vyuma, apate kujitegemea upesi? Na ziko nyumba ambazo shauri hili hukatwa hata kabla ya mtihani: kijana hutolewa skuli kidato cha pili akapanda lori kuwa taniboi, kwa kuwa jioni hurudi na fedha mkononi. Swali hili limeletwa katika darasa letu zaidi ya mara moja, nasi twaona ni wajibu kulijibu kwa maandishi, ili aliyekuwapo akumbuke na asiyekuwapo apate kujua.

Twasema kwanza kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Watu husema, "Lipi lenye heshima zaidi, ufundi au chuo kikuu?" Sharia haikuuliza hivyo. Sharia yauliza: Je, kazi hiyo ni halali? Je, Waislamu na watu wa mji wanaihitaji? Je, mtoto huyu anaiweza? Na mali ya kuisomea yatoka katika njia gani? Mwenye kuyajibu maswali haya manne kwa ukweli hapotei. Na mwenye kuyaacha akauliza habari ya heshima peke yake, huyo ameitoa mizani ya dini akaweka mizani ya majirani.

Wako wenye kuidharau kazi ya mikono. Hao twawakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya Saba, aya ya 10 na ya 11, jinsi alivyomlainishia Nabii Daudi chuma, akamwamrisha atengeneze nguo za vita zilizo kamili na apime sawasawa katika kuziunga pete zake. Zingatieni amri hiyo ya kupima. Nabii hakuambiwa afue chuma tu, bali aliambiwa afue kwa kipimo. Basi kazi ya kubahatisha si ufundi wa Manabii. Nabii Nuhu aliamrishwa aunde jahazi. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Nabii Musa, baada ya kulelewa katika nyumba ya mfalme, aliajiriwa kuchunga kwa miaka minane au kumi ili apate kuoa. Na katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mtume wetu ametueleza kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu alichokichuma kwa mkono wake, akatoa mfano wa Nabii Daudi huyo huyo, naye alikuwa mfalme.

Basi dharau hii imetoka wapi? Haikutoka katika Qurani wala katika Sunna. Wazee wetu wenyewe waliunda majahazi, wakachonga milango, wakajenga misikiti ya mawe na chokaa iliyosimama karne kwa karne. Dharau ilitoka katika utumwa. Palipokuwa na mtumwa wa kulima na kubeba, bwana alijiona ametukuka kwa kuwa kanzu yake haikuchafuka. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Minyororo ikakatika, lakini fikira ile haikukatika. Mpaka leo mtu atakwenda kuposa, aulizwe kazi yake, aseme ni fundi wa magari, na wenye mtoto watazamane. Naam, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameitaja kazi katika mlango wa ulinganifu wa ndoa. Lakini Mtume, katika hadithi ya Abu Daudi, aliwaamrisha Bani Bayadha wamwoze Abu Hind, naye alikuwa mpiga chuku. Mwenye kumkataa kijana wa dini na tabia njema kwa sababu ya mafuta ya gereji yaliyo chini ya kucha zake, na ajiulize anafuata mwendo wa nani.

Lakini wako na wengine wenye kosa lililo kinyume cha hilo. Hao huyashika maneno haya ya kuusifu ufundi wakayafanya hoja ya kumtoa mtoto skuli. Husema, "Masomo ya nini, na waliosoma wanazurura bila kazi?" Twawajibu kwamba ni kweli wako waliosoma wasiopata kazi, lakini asiyesoma naye hazururi peke yake. Na ni nani aliyewaambia ya kuwa kupanda lori ni ufundi? Taniboi hakufundishwa chochote. Amekodishwa nguvu zake, na nguvu hizo zikiisha hana la kushika. Fundi hasa ni yule mwenye elimu ya kazi yake. Fundi wa umeme asiyejua hesabu ni hatari kwa nyumba ya watu. Fundi wa kujenga asiyeweza kusoma ramani atakuwa chini ya mwenye kuisoma maisha yake yote. Na Mwenyezi Mungu, katika aya ndefu kuliko zote za Qurani, ya 282 katika Sura ya Baqara, ameamrisha deni liandikwe, kwa uadilifu, mbele ya mashahidi. Basi fundi asiyeweza kusoma mkataba aliotia sahihi, aitimize vipi amri hiyo? Wangapi wamefanya kazi kwa miezi, wakaahidiwa kwa maneno, na siku ya malipo wakakosa hata karatasi ya kuonyesha?

Kwa hiyo hukumu yetu ya kwanza ni hii: mtoto amalize kidato cha nne. Asitolewe skuli kwa tamaa ya fedha ya siku moja, awe mwanamume au mwanamke. Akitaka kujifunza ufundi siku za likizo, ni jambo zuri.

Baada ya hapo ndipo mizani huwekwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulumiddin kwamba kazi ambazo mji hausimami bila ya hizo, kama kulima, kufuma na kushona, ni faradhi ya kutosheleza: wakiwako wenye kuifanya, wengine hawana dhambi, na wakikosekana kabisa, dhambi ni ya wote. Naye aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika elimu ya fiqhi na hali mji hauna tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Basi tusiwe kama hao, wote tukakimbilia mlango mmoja kwa kuwa una jina, na milango mingine ikabaki bila watu.

Tazameni mfano ulio mbele ya macho yetu. Kituo kikuu cha Mombasa cha reli mpya kimejengwa hapa hapa Miritini, na treni zake zilianza kuchukua abiria mwezi wa Juni 2017. Treni ile haiendi kwa shahada peke yake. Kuna mhandisi aliyepiga hesabu ya daraja, na kuna aliyechomea chuma. Kuna mwenye kuangalia ishara na mitambo, na kuna fundi wa umeme anayeamshwa usiku taa zinapozimika. Akikosekana mmoja wao, wote wamesimama. Kijana wa Miritini anayeiona treni hiyo kila siku anaweza kuingia kwa mlango wowote katika hiyo, ila mlango wa asiyejua kitu.

Na tukumbuke historia yetu, maana watu wasiokumbuka hufanya kosa moja mara mbili. Mwaka 1948 iliasisiwa Mombasa taasisi ya kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, ikajulikana kwa jina la MIOME. Gavana Sir Philip Mitchell ndiye aliyelianzisha wazo hilo, na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya Kiingereza wakatoa fedha. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 ikaitwa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hatulalamiki kwamba mlango umefunguliwa kwa watu wote, kwani elimu haina mwenyewe. Twauliza tu: viti ambavyo wazee walivitafutia fedha kwa ajili yetu, sisi tulikwenda kuvikalia? Na chuo hicho ni jawabu la swali letu. Kilianza kwa nyundo kikafika kwenye kalamu, wala hakikuitupa nyundo.

Mtu naye aweza kwenda mwendo huo. Imamu Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, katika mabingwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliitwa Qaffal kwa kuwa alikuwa fundi wa makufuli, na stadi sana. Alipofika umri wa miaka thelathini ndipo alipoanza kutafuta elimu, akawa imamu wa kutegemewa. Basi mzazi asimlilie mwanawe aliyeshika ufundi kana kwamba amezikwa. Mwenye kazi mkononi huweza kurudi kusoma kwa fedha yake mwenyewe.

Limebaki jambo la mali, nalo ndilo linaloumiza nyumba nyingi. Wako wanaouza kiwanja cha pekee, ambacho ndicho paa la watoto wote, ili mmoja aende chuo kikuu kusomea jambo asilolipenda wala asiloliweza, kwa kuwa tu mtoto wa jirani amekwenda. Mtume, katika hadithi ya Nuuman bin Bashir, alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja bila ya nduguze. Hatusemi kwamba karo ni sawa na zawadi, kwani kila mtoto na haja yake. Lakini mwenye kuuza haki ya wote kwa ajili ya fahari ya mmoja, naye aiogope hadithi hiyo.

Na wako wanaokwenda kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo huo wa wanafunzi umekuwa ukitozwa asilimia 4 kwa mwaka, na ziada yenye sharti juu ya deni ni riba, iwe ndogo au kubwa. Kijana aliyebanwa na awaulize wanazuoni juu ya hali yake, wala asijitolee fatwa mwenyewe. Lakini sisi wazee tusikae barazani kumlaumu. Kabla ya yeye kuulizwa kwa nini amekopa kwa riba, tutaulizwa sisi kwa nini hatukumkopesha bila ya riba.

Na njia tunayo. Imamu Nawawi ameandika katika Al-Majmuu kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake, thamani yake iwe ndogo au kubwa. Na akasema kwamba mwenye kushughulika na elimu ya sharia, ikawa kuchuma kwamkatiza masomo, naye hupewa. Basi zaka inayogawanywa hapa kwetu shilingi mia kwa kila mlango, ikaisha siku hiyo hiyo, ingaliweza kumnunulia yatima mmoja mashine ya kuchomea, na mwaka ujao yeye mwenyewe akatoa zaka.

Kwa ufupi, twanasihi hivi. Kijana aliyepata alama za kuingia chuo kikuu, na akawa na hamu na uwezo wa jambo lenye manufaa, asizuiwe, na jamaa wamchangie. Aliyepungukiwa na alama hizo, au moyo wake uko katika kazi ya mikono, apelekwe chuo cha ufundi kwa heshima ile ile, si kama aliyeshindwa. Aliyejifunzia gereji naye asikae bila cheti: Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani huwatahini mafundi kwa madaraja, la tatu, la pili na la kwanza, hata wale waliojifunza kazini. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichoanza mwaka 1963 kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na wenye cheti na ujuzi walikuwa na kitu cha kwenda nacho mlango mwingine. Na wote, wa kalamu na wa nyundo, wasiiache sala wala darasa, wala wasimwibie mwenye kazi, kwani fundi mwongo huiharibu kazi na dini kwa pamoja.

Na kila msikiti uanzishe mfuko wa mkopo mwema, hata kwa kidogo, wenye daftari linalosomwa hadharani. Wazee wetu wamesema, kazi mbi si mchezo mwema. Nasi twaongeza: mfuko mdogo wa halali ni bora kuliko maneno mengi ya barazani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atupe sisi wazee moyo wa kutoa. Amin.