Machozi ya Wenye Taraja

Katika mwezi wa Julai, mwaka 1844, Johann Ludwig Krapf alikuwa amelala hoi kwa homa katika nyumba aliyokaa Mombasa, asiweze hata kusimama kwa muda, wakati mkewe Rosine, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu zilizotangulia, alipofikwa na sakarati za mauti. Krapf alijikokota kutoka kitandani pake ili ayahakikishe kwa macho yake mwenyewe yale aliyokuwa amekwisha kuambiwa; na kabla machungu ya msiba huo hayajapoa, mtoto naye akamfuata mama yake. Wala haukuwa msiba wao wa kwanza, kwa maana mtoto wao wa awali alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, wakiwa safarini kuelekea Habeshi, akafa huko huko njiani. Mtu huyu aliyetoka Ujerumani kuja kuhubiri habari za uzima alikuwa mzishi katika pwani hii kabla ya kuwa mwalimu wa mwanafunzi hata mmoja.

Rosine alikuwa ametaka asizikwe kisiwani, bali bara, katika nchi ya Wamijikenda, karibu na njia ya watu, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao jambo lililowaleta wageni wale kutoka mbali. Wasia wake ulitimizwa, na kaburi liko Mkomani hata leo. Kisha mumewe aliwaandikia wakuu wa chama cha wamisionari kilichomtuma, huko London, kwamba sasa lipo kaburi la mmoja wa watu wao katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba hiyo ni alama ya kuanza kwa mapambano. Tena akaandika kwamba, maadamu Kanisa hupata ushindi wake kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, saa ya wao kuitwa kuiongoa nchi hii ilikuwa karibu. Maneno hayo yametajwa mara nyingi mimbarini, na kwa hakika yanastahili kutajwa. Linalonisikitisha ni kwamba aghalabu hutajwa peke yake, kana kwamba aliyeyaandika alikuwa mtu wa jiwe, ilhali habari alizoziacha mwenyewe za siku zile hazifichi unyonge wake, wala homa yake, wala ukiwa wa nyumba iliyobaki tupu.

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapoifahamu vibaya imani ya Kikristo mbele ya mauti. Tunadhani taraja ni kinyume cha machozi. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia watu wa Thesalonike yapata mwaka 50, katika waraka ambao ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Wakristo, na wao wakiwa na fadhaa kwa ajili ya jamaa zao waliokufa kabla ya Bwana kurudi, hakuwakataza huzuni; aliwakataza huzuni ya mtu asiye na taraja, nayo ni huzuni ya namna nyingine. Tena alipowaandikia watu wa Korintho aliyaita mauti adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Hakuyaita rafiki, wala mlango mzuri, wala pumziko tamu kama tupendavyo kusema katika hotuba za maziko. Na pale Bethania, Lazaro akiwa amekaa kaburini siku nne, Yesu alikuwa akijua vema jambo atakalolitenda punde si punde, na juu ya hayo alilia. Ikiwa kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kutolia katika msiba wowote tangu kuumbwa kwa dunia, ni yeye siku ile.

Niliwahi kusikia mama mmoja, kando ya kaburi la mwanawe, akikaripiwa na mzee wa kanisa kwamba kilio chake kinaiaibisha imani. Mama yule akanyamaza, lakini sikuona kwamba imani yake iliongezeka kwa kunyamazishwa. Niliona tu kwamba alibaki peke yake katikati ya umati. Tena tuna msemo wetu tuutoao upesi mno: kazi ya Mungu haina makosa. Msemo huo ni wa kweli ukisemwa na mfiwa mwenyewe, baada ya usiku mwingi wa kushindana na Mola wake. Ukisemwa na jirani siku ya kwanza, juu ya mtoto aliyekufa kwa malaria kwa kuwa zahanati haikuwa na dawa, au juu ya abiria walioangamia kwa ulevi wa dereva, unakuwa dhuluma maradufu: humfunga mfiwa kinywa, na humsingizia Mungu kazi ya adui na uzembe wa wanadamu.

Taraja ya Mkristo haisimami juu ya maneno ya namna hiyo. Inasimama juu ya jambo moja ambalo Paulo alithubutu kulitaja waziwazi, kwamba ikiwa Kristo hakufufuka basi imani yote ni bure. Mwili huzikwa kama mbegu, alisema, na mbegu haihuiki isipokufa. Anayeamini hivyo hana haja ya kujifanya kwamba hakupotewa na kitu. Hulia, akazika, akainuka kwenda kazini. Krapf, ambaye mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akipata msaada wa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, alirudi kwenye kalamu yake. Mwaka 1846 alikuja mwenzake Johannes Rebmann, na katika Agosti ya mwaka ule ule wakaanzisha makazi yao Rabai, ambako mtu wa kwanza kupokea imani alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Kamusi kubwa ya Kiswahili ambayo Krapf aliitolea jasho la miaka mingi ilichapwa mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufariki Novemba mwaka uliotangulia. Alifanya kazi ambayo matunda yake hakuyaona, na sidhani kama mtu huweza kudumu hivyo kwa ushupavu wa moyo tu.

Basi nawasihi wachungaji, wazee wa kanisa, na sisi sote tuendao matangani: tuhubiri ufufuo kwa sauti isiyotetemeka, kwani mfiwa ana haki ya kuusikia, lakini tusimwambie anyamaze. Tuketi naye, tuteke maji, tupike, tumsikilize amtaje marehemu kwa jina kadiri apendavyo, na tukishikwa na machozi, tulie pamoja naye.