Pesa ya Sigara na Neema ya Bure

Andiko la msingi: Isaya 55:1-2
Soma pia: Yohana 11:38-44, Luka 14:28-30, Yakobo 5:16



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinisubiri kando ya tangi la maji mpaka watu wote wakaisha. Ni mtu wa mjengo, analipwa jioni akiwa amepata kazi, na siku hakuna kazi hakuna pesa. Akaniambia, "Pasta, nataka kuacha sigara. Nilienda duka la dawa nikauliza ile chingamu ya kusaidia mtu kuacha. Niliposikia bei, nikarudi nyumbani. Sasa ni kama kuacha ni ya watu wako na pesa."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Amenikubalia niseme habari hii bila jina lake. Na mimi nikamwahidi kwamba sitasema yake nikaficha yangu.

Kwa hivyo yangu ni hii. Nilivuta sigara miaka saba. Nilianza nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, kwa kuomba wenzangu wanigawie nusu. Na katika ile miaka saba, zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nimeokoka, nimebatizwa, na ninasimama mlangoni mwa kanisa nikikaribisha watu. Mfukoni niko na peremende, mikono nimeiosha kwa sabuni ya unga. Nilidhani hakuna mtu anajua. Mpendwa, moshi haufichiki.

Tunalipa nini?

Katika Isaya 55 Mungu anaita watu wasio na pesa. Anawaambia waje kwake, wanunue bila kulipa. Halafu anawauliza swali gumu: kwa nini mnatumia pesa na jasho lenu kwa kitu ambacho si chakula na hakishibishi?

Nilipokuwa nasoma biashara, mwalimu alitufundisha kwamba gharama ya kitu si ile bei peke yake. Gharama ni kile ambacho ile pesa ingefanya kama ungeipeleka mahali pengine. Hiyo nilijibu vizuri kwa mtihani. Kwa maisha yangu niliianguka.

Mama yangu anatumia dawa ya presha. Mwezi mmoja alinipigia simu akaniuliza kama naweza kumsaidia na dawa. Nikamwambia, "Mama, mwezi huu ni ngumu." Akasema, "Haya mwanangu, Mungu ataleta." Na mwezi ulikuwa ngumu kweli, sikumdanganya. Lakini wiki hiyo hiyo, kwa sababu nyingine kabisa, nilikuwa nimeanza kuandika matumizi yangu kwa daftari. Siku ya saba nikajumlisha. Nikazidisha kwa mwezi. Wapendwa, nilikuwa navuta dawa ya mama yangu, na chenji inabaki.

Siku hiyo sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia tu mama akisema Mungu ataleta. Na Mungu alikuwa ameleta. Ni mimi niliichoma.

Tufanye hesabu ya leo pamoja. Tuseme sigara moja ni shilingi 15, na mtu anavuta nane kwa siku. Hiyo ni 120 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni 3,600. Kwa mwaka ni 43,800. Anayelipa SHA kile kiwango cha chini, shilingi 300 kwa mwezi, kwa mwaka mzima analipa 3,600. Yaani mwezi mmoja wa sigara ni bima ya afya ya mwaka mzima. Na ni huyo huyo atakayehitaji hospitali kwa sababu ya sigara.

Mbona hatuoni hii pesa ikienda? Kwa sababu inaenda kadogo kadogo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi, lakini sote tunajua vile mambo yako pale kwa kibanda. Unauziwa moja, na kiberiti unaazimwa. Kama ungeambiwa mwanzo wa mwaka, "leta 43,800," ungekimbia. Lakini ukiambiwa "leta 15," unatoa bila kufikiria. Shetani pia anajua kuuza rejareja.

Aliyefufuliwa bado alikuwa amefungwa

Sasa wengine wenu mnasema, "Pasta, mtu akiokoka kweli, si anafunguliwa hapo hapo?" Wako waliofunguliwa hivyo, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Mimi sikuwa mmoja wao. Niliombewa mara tatu mbele ya kanisa kwa "shida fulani," na mara zote tatu nilivuta kabla ya kulala.

Hebu angalia Lazaro katika Yohana 11. Yesu anamwita, naye anatoka kaburini akiwa hai. Hakuna mwenye shaka kwamba ni mzima. Lakini mikono na miguu bado imefungwa sanda, na uso umefunikwa kitambaa. Na Yesu, aliyeweza kumfufua mfu wa siku nne, hagusi ile sanda. Anawaambia watu waliosimama pale wamfungue. Uhai ulitoka kwa Yesu. Kufungua ilikuwa kazi ya majirani.

Ndugu zangu, hapa ndipo kanisa tumekosea. Mtu anatoka kaburini na sanda bado inanuka moshi, nasi badala ya kumfungua tunaziba pua. Ndiyo maana anajifunza kujificha. Anabadilisha kiti, akae nyuma. Mwishowe anabadilisha Jumapili, akae nyumbani.

Mimi niliyefunguliwa, nilifunguliwa na mama mmoja mzee wa maombi. Siku moja nilimsalimu mlangoni, akashika mkono wangu hakuuachilia. Akasema polepole, "Mwanangu, unamficha nani?" Nikakosa la kusema. Hakunipeleka kwa wazee. Alinipa namba yake ya simu. Akaniambia, "Ile kiu ikikushika, nipigie ukate. Hata kama huna salio la kuongea, nitajua ni wewe. Nitaomba mpaka ipite."

Hiyo ndiyo dawa yangu ya kwanza, na sikuilipia hata shilingi. Kuna siku nilimpigia nikakata mara kumi na moja. Hakuwahi kuniuliza mbona nasumbua.

Fanya hivi, hata kama mfuko ni mdogo

Yesu katika Luka 14 anasema mtu anayetaka kujenga mnara hukaa chini kwanza apige hesabu. Kuacha sigara pia ni mjengo. Haya ndiyo yaliyonisaidia, pamoja na yale watu wa afya wanafundisha.

1. *Andika.* Siku saba, kila sigara, na saa uliyoivuta. Utaona pesa, lakini utaona pia ni wakati gani unashikwa: baada ya chai, ukiwa kwa stage, mkigombana nyumbani. Daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa chache linatosha.

2. *Chagua siku, iwe ndani ya wiki mbili.* Usingoje Januari, usingoje hadi maisha yatulie. Jioni ya kuamkia siku hiyo, toa kila kitu: kiberiti, kopo la majivu, ile moja uliyoficha kwa koti.

3. *Funga deni la duka.* Wengi tunavuta kwa mkopo. Lipa, halafu mwambie mwenye duka, "Kuanzia leo mimi usiniuzie hata nikikuomba." Ukiweza, pita njia nyingine kwa mwezi wa kwanza.

4. *Pigana dakika tano tano.* Kiu ya sigara huja kama wimbi, na mara nyingi inapungua kwa dakika chache hata usipovuta. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Utakuwa na hasira, usingizi utapotea, utakula sana. Hiyo si pepo mpya, ni mwili unalia. Kwa wengi inapungua ndani ya wiki chache. Kunywa maji, tafuna karanga au karoti, piga mswaki, tembea mpaka kona urudi. Omba sala fupi. Usimwambie Mungu "sitavuta tena milele." Mwambie, "Bwana, nipitishe hizi tano." Israeli walipewa mana ya siku, hawakupewa ya mwaka.

5. *Tafuta mtu mmoja.* Yakobo 5 inatuambia tuungame sisi kwa sisi na kuombeana ili tupone. Si lazima iwe mbele ya kanisa lote. Mtu mmoja, mwenye mdomo uliofungwa na simu iliyo wazi.

6. *Weka ile pesa mkebeni.* Kila jioni, pesa ambayo ungevuta, itie ndani. Ipe jina: karo, unga, dawa ya mama. Pesa isiyo na jina hurudi kwa kibanda.

Usibadilishe sigara kwa ugoro, kuber au vile vipakiti vya nikotini vya kuweka mdomoni kwa sababu vijana wanasema havina moshi. Nikotini ni ile ile, umebadilisha tu seli katika jela moja. Na kama sigara yako huandamana na miraa au pombe, jua utahitaji kuachana na hao marafiki wote kwa pamoja.

Chingamu na dawa za kuacha sigara zinasaidia watu wengi, na kuzitumia si ukosefu wa imani. Ukiweza kununua, uliza mtaalamu wa dawa akuelekeze. Hata ukilipa, linganisha na ile 3,600. Chingamu ina mwisho, sigara haina. Usipoweza, usikae ukingoja. Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, uulize msaada gani upo. Ukiwa mjamzito, au uko na ugonjwa wa moyo, au kikohozi kisichoisha, nenda mapema. Kuna pia laini ya NACADA, 1192, ambayo kupiga ni bure. Utaongea na mtu aliyefunzwa, na hatakuuliza unasali wapi.

Na faida haingojei mbinguni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na presha huanza kushuka. Ndani ya saa 12, ile gesi ya sumu ya kaboni monoksidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Ukimaliza mwaka, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Na watoto unaolala nao chumba kimoja wanaanza kupumua hewa usiku huo huo.

Ukianguka

Mimi nilianguka mara mbili. Ya kwanza ilikuwa matanga ya rafiki yangu. Ya pili ni jioni niliyopoteza kazi. Ile ya pili nilivuta tatu, halafu nikajiambia, "Basi, imeisha, wewe ni wa kurudi tu." Huo ndio uongo mkubwa kuliko sigara yenyewe. Mithali 24:16 inatuonyesha kwamba mwenye haki anaweza kuanguka mara saba na bado akainuka. Aliyemwaga kikombe kimoja hamwagi mtungi wote.

Nilimpigia yule mama, safari hii sikukata. Nikamwambia ukweli. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Sasa umebaki na ngapi?" Nikasema mbili. Akasema, "Zivunje nikisikia." Nikazivunja, simu iko sikioni. Mkebe sikuumwaga, nilianza kuhesabu tena kesho yake.

Mwezi uliofuata nilimtumia mama yangu pesa ya dawa kwa M-Pesa kabla hajaniomba. Akanipigia akashukuru Mungu, akauliza kama nimepata kazi. Nikamwambia bado. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hii imetoka wapi?" Ilinichukua muda kumjibu.

Ndugu yangu wa kando ya tangi, najua unasoma hapa. Leo ni siku yako ya tisa. Simu yangu iko wazi, hata usiku.

Tuombe

Baba, wewe unaita wasio na pesa na huwadharau. Wape nguvu ya dakika tano walioshikwa na kiu saa hii. Wafundishe wanaoanguka kusimama. Na sisi wengine utupe mikono ya kufungua sanda, si vidole vya kuelekeza. Katika jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kitu gani kinachukua pesa yako kadogo kadogo na hakishibishi? Si lazima iwe sigara.
2. Je, kuna mtu katika kundi letu anayeogopa kusema shida yake? Tumemfanyia nini mpaka aogope?
3. Wiki hii, nani anaweza kukupigia akakata, nawe ukajua la kufanya?

Jumatano baada ya maombi ya jioni nitakuwa kando ya tangi la maji. Anayetaka kuanza, aje na daftari na kalamu. Hakuna sadaka, na hakuna majina yatakayosomwa.