Rubani Aliyekubali Kurudi Darasa la Kwanza

Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Praha, na kwa amri chache tu jeshi la Chekoslovakia likavunjwa. Ndege zikawa za Wajerumani. Viwanja vikawa vya Wajerumani. Miongoni mwa maafisa waliobaki na sare isiyo na jeshi alikuwa František Fajtl, mzaliwa wa kijiji cha Donín, rubani wa miaka 26. Cheo kilikuwa kimekwenda, mshahara umekwenda, nchi yenyewe imekwenda. Kilichobaki ni kile alichokuwa nacho kichwani na mikononi.

Ninamleta Fajtl mbele yako kwa makusudi. Najua kati ya wanaosoma hapa yupo muuguzi aliyefika ughaibuni akaambiwa vyeti vyake havitambuliki. Yupo mwalimu aliyekimbia vita mashariki mwa Kongo, leo anauza vocha kambini. Yupo mhasibu wa miaka 45 ambaye kampuni imefungwa, na kila tangazo la kazi linataka programu ambazo hajawahi kuzigusa. Nyote mnasemeshwa na jambo moja moyoni, na jambo hilo ni aibu: mimi na elimu yangu hii, nikakae darasani na watoto?

Ndiyo. Kakae. Wako waliokaa, na sababu zao za kukataa zilikuwa kubwa kuliko zako.

Marubani wa Chekoslovakia walivuka mpaka kwa siri kuingia Poland, wengine kwa miguu porini, wengine wamejificha kwenye mabehewa ya makaa ya mawe. Kutoka bandari ya Gdynia walipanda meli kwenda Ufaransa. Walifika wakidhani watapewa ndege. Lakini Ufaransa haikuwa vitani bado, na wageni hawakuweza kuandikishwa katika jeshi lake la kawaida, kwa hiyo walifunguliwa mlango mmoja tu: Kikosi cha Wageni, kile maarufu cha jangwani, kwa mkataba wa miaka 5, na ahadi kwamba vita vikianza wataachiliwa warudi kwenye urubani. Hebu fikiria mtu aliyekuwa akiendesha ndege ya kivita, akitia saini awe askari wa kutembea kwa miguu. Baadhi yao walipelekwa hadi Sidi-bel-Abbès, Algeria, wakapigishwa kwata kwenye jua la Afrika Kaskazini pamoja na makuruta. Walitia saini hata hivyo, kwa sababu mlango ule ulikuwa mbaya lakini ulikuwa wazi.

Vita vilipoanza Septemba 1939, ndege zilipatikana. Na hapa naomba tutulie kidogo, kwa kuwa ndipo ugumu halisi ulipo, ugumu ambao filamu za vita huuruka.

Ndege ya kivita waliyoizoea kwao, Avia B-534, ilikuwa na mabawa mawili, la juu na la chini, na magurudumu yake yalining'inia hewani muda wote. Ndege mpya za Ufaransa zilikunja magurudumu. Ukisahau kuyateremsha wakati wa kutua, umekwisha. Ndege za Kifaransa zilikuwa na desturi yao nyingine: kuongeza nguvu ya injini, rubani aliuvuta mkono wa mafuta kuja kwake. Wakajifunza. Wakapigana. Juni 1940 Ufaransa ikaanguka, wakapanda meli tena, safari hii kwenda Uingereza. Huko mkono uleule wa mafuta ulitakiwa kusukumwa mbele.

Usilione hilo kuwa dogo. Adui akikutokea mgongoni huna nafasi ya kuwaza. Mkono unafanya ulichozoea, na mkono uliozoea kuvuta utakuzimia nguvu pale unapoihitaji kufa na kupona. Kujifunza jambo jipya ni kazi. Kuuzoesha mwili uache la zamani ni kazi maradufu. Ongeza mwendo uliokuwa ukihesabiwa kwa kilomita, sasa kwa maili. Ongeza kimo kilichokuwa kwa mita, sasa kwa futi. Ongeza sauti redioni inayotoa amri kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao walikuwa hawaijui. Watu waliokwisha kuangusha ndege za Wajerumani katika anga ya Ufaransa walikaa kwenye viti vya mwanafunzi na kutamka maneno ya Kiingereza mmoja baada ya mwingine.

Na vyeo? Maafisa wengi waliandikishwa katika jeshi la anga la Uingereza kwa daraja la chini kabisa la uafisa, hata aliyekuwa na ngazi kubwa kwao. Alexander Hess alikuwa amevuka miaka 40, umri ambao rubani wa kivita huonekana mzee. Kikosi cha 310 kilipoundwa Duxford tarehe 10 Julai 1940, yeye aliwekwa kuwa kamanda sambamba na Mwingereza, Douglas Blackwood, ili wageni wafunzwe taratibu za wenyeji. Hess alikubali, akaruka. Kabla Agosti haijaisha kikosi hicho kilikuwa angani na ndege zake za Hurricane, kikipigana vita vilivyoamua kama Uingereza itabaki au itaanguka. Zaidi ya marubani 80 wa Chekoslovakia walishiriki vita hivyo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu hawa koleo lao lilivunjika mara mbili ndani ya miezi 15.

Fajtl alipitia kikosi cha 310, kisha akapelekwa kwenye vikosi vya Waingereza wenyewe, ambako hakuna wa kumnong'oneza kwa Kicheki. Yeye aliyeanza upya, Aprili 1942 alikabidhiwa kikosi cha 122, akawa mtu wa kwanza kutoka Chekoslovakia kuongoza kikosi cha ndege za kivita cha Waingereza. Miaka miwili tu tangu ashuke melini!

Siku chache baadaye, tarehe 5 Mei 1942, aliangushwa kaskazini mwa Ufaransa. Alitua kwa tumbo la ndege kwenye shamba, akatoka mzima, akakimbia. Urubani wote ule haukumsaidia kitu pale. Alichohitaji ni miguu, subira, na moyo wa kugonga mlango wa mtu asiyemjua na kuomba. Raia wa Ufaransa walimsaidia wakijua Wajerumani wakigundua ni kifo. Aliipita nchi nzima hadi milima ya Pyrenees, akavuka kuingia Uhispania, akakamatwa huko na kufungwa katika kambi ya Miranda de Ebro, kisha akafika Gibraltar. Agosti alikuwa Uingereza tena. Mwaka uliofuata alipewa kuongoza kikosi cha 313, cha wenzake wa Chekoslovakia.

Angeweza kusema imetosha. Mwaka 1944 alijitolea kwenda Umoja wa Kisovyeti na kundi la marubani wenzake, ili wapigane karibu zaidi na kwao. Ndege mpya tena, La-5. Lugha mpya tena, Kirusi. Futi zikarudi kuwa mita. Septemba 1944 kikosi chao kilitua Zolná, Slovakia, nyuma ya mstari wa Wajerumani, kusaidia uasi wa wananchi. Miaka 5 na zaidi baada ya kutoroka, alikuwa amekanyaga udongo wa nchi yake.

Sitakudanganya kwamba wote waliojitahidi walivuna. Wachekoslovakia wapatao 2,500 walitumika katika jeshi la anga la Uingereza, na takriban 500 hawakuona amani. Na Fajtl mwenyewe, wakomunisti walipotwaa madaraka Februari 1948, alifukuzwa jeshini kwa kosa la kuwa amepigana upande wa magharibi. Januari 1950 alikamatwa, akatiwa gereza la Mírov zaidi ya mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Alipotoka, shujaa yule alifanya kazi za sulubu. Alishushwa daraja kwa mara nyingine, na safari hii na watu wa kwao.

Akashika kalamu. Aliandika vitabu kuhusu wenzake waliokufa na juu ya yale aliyoyapitia. Serikali iliyomfunga ilianguka mwaka 1989 akiwa hai. Mwaka 2004 nchi yake ilimvisha nishani ya Simba Mweupe, ya juu kuliko zote. Alifariki Oktoba 2006, akiwa na miaka 94.

Sasa turudi kwako. Yale mafunzo ya lugha ya jioni uliyoyaahirisha kwa sababu darasa limejaa vijana, jiandikishe wiki hii. Ule mtihani wa kutambuliwa upya taaluma yako, chukua fomu, lipa ada, anza kusoma. Ile nafasi ya msaidizi uliyoikataa kwa kuwa wewe ulikuwa mkuu wa idara, piga simu uulize kama bado ipo. Utakosea maneno mbele ya watu. Atakusahihisha mtu mwenye umri wa mwanao. Kaa pale pale, andika kwenye daftari, na kesho fika kabla ya mwalimu.