Viungo Viwili kwa Mtoto Mmoja

Haipaoksaluria ya aina ya kwanza ni maradhi ya kurithi. Ini huwa zima katika kila kazi nyingine, ila limekosa kimeng'enya kimoja, na kwa upungufu huo huzalisha oksaleti kupita kiasi. Oksaleti hushikana na kalisi, ikawa fuwele zinazoua figo, pengine kabla mtoto hajatimiza mwaka. Mashine ya kusafisha damu huzidiwa, na figo mpya ikipandikizwa peke yake huharibika vilevile. Ndiyo maana ini na figo hupandikizwa pamoja, upasuaji uliofanyika kwa mara ya kwanza Innsbruck, Austria, mwaka 1983.

Hapo huzuka swali la haki. Viungo vya marehemu ni haba. Je, ni halali mtoto mmoja apewe viwili ambavyo vingeokoa wagonjwa wawili? Anayehesabu vichwa atasema hapana, lakini hesabu hiyo ina kasoro: kwa mtoto huyu figo bila ini ni figo iliyotupwa. Kwake viungo viwili ni tiba moja.

Ufundi wenyewe umelipunguzia uzito swali hilo. Ini la mtu mzima halienei tumboni mwa mtoto wa kilo 10. Mwaka 1988 daktari mpasuaji Rudolf Pichlmayr, huko Hannover, Ujerumani, aligawa ini moja kwa wagonjwa wawili. Tangu hapo mtoto huweza kupewa kipande cha kushoto, na cha kulia kikamwokoa mtu mzima. Katika upasuaji, ini la zamani la mtoto huondolewa lote, kwani likibaki litaendelea kumwaga oksaleti. Jipya hupandikizwa kwanza, maana halivumilii barafu muda mrefu kama figo. Figo hufuata, mara nyingi ya mtu mzima, ikaunganishwa na mishipa mikuu ya tumboni. Vibanio vikifunguliwa, figo iliyopauka hugeuka ya waridi na kunywa sehemu kubwa ya damu ya mtoto, ambayo yote haifiki lita moja. Daktari wa usingizi asipomwongezea maji na damu mapema, shinikizo huporomoka.

Swali jingine ni lini mtoaji huhesabiwa marehemu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikubali kifo cha ubongo mwaka 1986, na mwaka 1988 likaruhusu kutoa kiungo kwa idhini ya marehemu au warithi wake. Papa Yohane Paulo II aliafiki kigezo cha kifo cha ubongo mwaka 2000.

Kwa mzazi aliye hai, anayetoa kipande cha ini na baadaye figo, ugumu ni mkubwa zaidi. Mama anayemwona mwanawe akififia ana uhuru gani wa kukataa? Ridhaa yake yapasa isikilizwe na daktari asiyemtibu mtoto, faraghani, mbali na ndugu.

Tangu 2020 ipo lumasirani, sindano inayopunguza oksaleti huku ini likibaki mahali pake, na baadhi ya watoto sasa hupandikizwa figo tu. Ambaye dawa hiyo haimfikii, au mwili wake hauiitikii, bado huhitaji vyote viwili.